Jezi ya Saizi ya Kati

Wiki iliyopita niliwaachia hadithi nikiwa mbele ya kioo. Vernell, mke wangu, alikuwa ananifunga tai ya bluu, na mimi nilikuwa najiambia kwamba baada ya miaka thelathini na moja ya kukaa pembeni mwa wakubwa na kuwashikia daftari, safari hii kiti ni changu.

Kwa wewe uliyeanza kunisoma leo, nakupa kwa ufupi, maana yaliyopita yameshaniumiza vya kutosha. Naitwa Lonzo Pettway. Ni kocha msaidizi wa Wahunzi, timu ya besiboli ya hapa Birmingham, Alabama. Mwezi wa nane walimfukuza kocha mkuu wetu katikati ya msimu, wakanipa mimi timu niikaimu. Nilisimamia mechi arobaini na moja, tukashinda ishirini na sita. Timu iliyokuwa inaburuza mkia ikafika mlangoni mwa mtoano, ikakosa kuingia kwa mechi moja tu.

Mechi hiyo moja ndiyo iliyoniua.

Mnaikumbuka. Awamu ya saba kati ya tisa, tunaongoza tatu kwa mbili, wapinzani wana wakimbiaji wawili ndani. Mrushaji wetu alikuwa amechoka, ulimi nje. Kila mtu uwanjani alijua nitamtoa nimwingize Elpidio Quezada, mrushaji wetu wa mkono wa kushoto kutoka Jamhuri ya Dominika, ambaye kazi yake msimu mzima ilikuwa kuingia moto ukiwaka na kuuzima. Sikumwita. Nilimwacha aliyechoka. Mpira uliofuata ulipigwa ukatoka nje ya uwanja, wakapata pointi tatu kwa mpigo, na sisi tukatoka nje ya mashindano.

Mwezi mzima magazeti yalinipiga mawe. Redioni waliniita zee la enzi za mkaa. Nilikaa kimya. Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo niliapa kutoisema.

Leo nawaambia jinsi nilivyoisema.

Hollis Brandt, mkurugenzi wa timu, ndiye aliyekuwa anatafuta kocha mkuu mpya. Mtu wa miaka arobaini na mbili, meno yamepangika vizuri, hajawahi kupigwa na mpira mbavuni tangu azaliwe. Alinipokea mlangoni mwenyewe.

"Mzee Lonzo! Karibu, karibu kiti. Wala usiogope, huu si usaili. Tunapiga soga tu."

Nilikaa. Mezani kulikuwa na kompyuta yake na chupa ya maji ambayo sikuigusa, nisije nikabanwa na haja wakati maisha yangu yanaamuliwa.

Alianza kwa kunivisha kilemba cha ukoka. Wachezaji wananipenda. Mwenye timu ananiheshimu. Mji mzima unanijua. Mimi nami nikawa natabasamu tu, zee zima la miaka hamsini na nane.

"Sasa kuna kijimchezo tunawafanyia wote wanaoomba hii kazi," akasema, akafungua kompyuta. "Nakuonyesha mechi, naisimamisha mahali, unaniambia ungefanya nini na kwa nini. Umewahi kusikia habari zake?"

Nilikuwa nimesikia. Siku hizi makocha wote wanapitishwa humo. Wiki nzima Vernell alikuwa ananifanyisha mazoezi sebuleni, rimoti mkononi, anasimamisha mechi yoyote inayopita na kuniuliza, "Haya, mheshimiwa kocha, sasa unafanyaje?" Nikikosea ananitupia mto. Nilikuwa nimeiva.

"Weka mechi yoyote unayotaka," nikasema.

Akaweka ya kwangu.

Awamu ya saba. Tatu kwa mbili. Wakimbiaji wawili ndani. Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta nimesimama na mikono mfukoni, tumbo mbele, natafuna mbegu za alizeti.

"Hapa," Brandt akasema, akasimamisha. "Mrushaji wako ameshatupa mipira mia moja na moja. Karatasi ya takwimu unayo mfukoni, inasema mtoe. Watu elfu thelathini wanapiga kelele mtoe. Mke wangu yuko nyumbani anakaanga viazi, anasema mtoe. Elpidio yupo, na huyu mpigaji hajawahi kumgusa Elpidio hata kwa bahati. Kwa nini hukumwita?"

Jibu nilikuwa nalo.

Siku ile ya mechi, saa tisa alasiri, Elpidio alinifuata kwenye ngazi za nyuma ya uwanja. Alikuwa amevaa koti zito na jua linachoma.

"Mzee wangu, leo mkono haupo."

"Haupo vipi?"

"Kiwiko. Tangu mwezi wa saba. Mzee Wendell wa jezi ananiletea barafu asubuhi kabla madaktari hawajafika. Leo hata mswaki nimeushika kwa mkono wa kulia."

"Twende kwa daktari sasa hivi."

"Daktari akiandika, nimekwisha. Msimu ukiisha ndipo klabu inaamua kama inaniongeza mwaka au inaniacha. Wakijua wananiacha, na nani atamchukua mrushaji mwenye kiwiko kibovu? Nipumzishe leo tu, Mzee wangu. Usimwambie mtu. Niapie."

Nikamwapia kwa kaburi la mama yangu.

Na hata nisingeapa, chumba cha wachezaji kina amri yake, niliikuta nikiwa na miaka kumi na tisa: kinachosemwa humo hakipandi ghorofani kwa wakubwa. Humo unaweza kumtwanga mwenzako ngumi asubuhi, jioni mkala mbavu sahani moja. Lakini ukipeleka maneno juu, hutasalimiwa tena mpaka uzeeke. Nimeona watu wakihama mji kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nilimjibu Brandt nilivyowajibu waandishi mwezi mzima. "Nilimwamini aliyekuwa anarusha."

Brandt akajiegemeza nyuma. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Mzee, nisikilize. Nina watu wanne wanaoitaka hii kazi. Wewe ndiye ninayekutaka mimi. Lakini kesho mwenye timu ataniuliza swali hili hili. Nimjibu nini? Kwamba ulisinzia?"

"Sikusinzia."

"Uliogopa?"

"Mimi niogope?"

"Basi karatasi huwezi kuisoma. Wanavyosema redioni."

"Naisoma kuliko wewe!"

"Sawa. Basi kwa nini? Nisaidie nikusaidie. Nipe kitu kimoja tu cha kumwambia yule tajiri, ujue hii ofisi ni yako."

Ndugu msomaji, nataka uelewe kitu kimoja, hata kama hutanisamehe. Miaka thelathini na moja. Nimewafundisha kazi makocha wakuu sita, na wote sita wameniita mkono wao wa kulia, na wote sita wameondoka na kuniacha pale pale. Kila msimu nilikuwa nasema mwakani. Na sasa kati yangu na kile kiti kulikuwa na neno moja tu.

"Kiwiko," nikasema.

"Kiwiko cha nani?"

Nikamwaga mtama wote. Elpidio anaumwa tangu mwezi wa saba. Ngazi za nyuma. Barafu ya asubuhi. Hata Wendell nikamtaja, kwamba ndiye anayeileta hiyo barafu, na wala hakuna aliyeniuliza habari za Wendell. Nilikuwa naongea haraka, najisafisha, naona raha kabisa. Mwezi mzima nilikuwa nimelibeba lile jambo kifuani, na lilipotoka nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetoka kutubu.

Brandt akaifunga kompyuta taratibu.

"Asante, Mzee. Hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Usikae mbali na simu."

Nilirudi nyumbani naimba. Vernell alikuwa jikoni anakaanga samaki.

"Wamekuuliza ile mechi?" Hakugeuka.

"Wameniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nimewajibu vizuri tu."

Akazima jiko. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na nne, sijawahi kumficha kitu hata bei ya viatu.

"Lonzo. Umewaambia habari za yule mtoto wa watu?"

"Vernell, walinibana..."

"Elpidio amekula kwenye meza hii. Hii hapa! Mama yake alinipigia simu kutoka kwao Baní, hajui Kiingereza, mimi sijui lugha yake, tukalia wote kwenye simu kwa sababu alitaka tu kunishukuru. Na wewe umekwenda kumuuza kwa kiti?"

"Nitakuwa kocha mkuu. Nitamlinda mimi mwenyewe."

"Kama utakuwa."

"Amesema ofisi ni yangu!"

"Wakikupa hiyo kazi, angalau utakuwa na cha kuvaa," akasema. "Wasipokupa, utabaki uchi, na mimi sitakufunika." Akaenda chumbani, akafunga mlango. Nilikula samaki peke yangu, na nakiri nilikula wote.

Siku chache zilizofuata nilikuwa mfalme wa mji. Kinyozi alikataa hela yangu. Kanisani mchungaji aliniombea nikiwa nimesimamishwa mbele, kina mama wa kwaya wanapunga leso. Nilipokea pongezi za kazi ambayo sikuwa nimepewa, na sikumkatalia hata mtu mmoja.

Jumanne Elpidio akapiga simu.

"Mzee wangu, wameniacha."

Nilikaa chini.

"Jumamosi waliniita kupimwa. Kila mwaka tunapimwa, sikushtuka. Lakini hawakuniuliza unaumwa wapi, Mzee. Walikwenda moja kwa moja kwenye kiwiko cha kushoto. Walijua. Wakapiga picha, leo wamenipa barua. Hakuna mwaka mwingine."

"Pole, mwanangu," nikasema. Sauti yangu ilitoka sawasawa, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. "Pole sana. Watu wabaya hao."

"Kuna mtu amesema."

"Inawezekana ni madaktari wenyewe wamegundua."

"Hapana. Waliojua ni wawili tu. Wewe na Wendell." Akavuta pumzi. "Na wewe ulikubali kutukanwa mwezi mzima redioni kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nawasikia, Mzee wangu, nalia. Baba yangu mwenyewe asingefanya hivyo."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, wasomaji wangu. Sikusema.

"Ni Wendell," akasema. "Nimeshawaambia wenzangu wote."

Wendell Spratlin ndiye mtunza chumba cha wachezaji. Anafua jezi, anasugua matope kwenye viatu, anajua nani kaachwa na mkewe na nani hapati usingizi. Ana miaka sabini na moja. Tumekuwa pamoja miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijasikia siri ya mtu ikitoka kinywani mwake, hata akiwa amelewa, na kulewa anajua.

Kesho yake, Jumatano, ndiye aliyenipigia.

"Kibonge," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Wendell, kuhusu Elpidio..."

"Achana na huyo, hasira zitamtoka. Sikiliza. Limekuja boksi kutoka kwa mshonaji. Jezi ya kocha mpya, ya kuvalishwa Ijumaa mbele ya waandishi. Nimeambiwa nisilifungue mpaka siku hiyo."

 Hapa kwetu ndivyo ilivyo: kabla mji haujajua, kabla mwenyewe hajasaini, mtunza chumba anajua, kwa sababu lazima mtu ashone jina mgongoni.

"Ndiyo, kaka. Lete habari."

Nilimsikia akikohoa kikohozi cha kutafuta maneno.

"Lonzo, wewe unavaa saizi gani?"

"Si unanifulia mwenyewe? Kubwa ile ya mwisho. Kwa nini?"

"Hapa juu ya boksi wameandika saizi ya kati."

Nikacheka. Nilicheka kweli. "Wamekosea! Hao watu wa ofisini hata tumbo langu hawalioni?"

"Yawezekana," akasema, lakini hakucheka.

"Fungua."

"Kibonge, nitafukuzwa."

"Wendell, nakuomba kwa jina la Mungu, fungua hilo boksi."

Nikasikia gundi inachanika. Nikasikia karatasi. 

"Soma."

"Lindqvist," akasema. "Namba kumi na tano."

Tripp Lindqvist. Miaka thelathini na sita. Misimu miwili nyuma alikuwa mdakaji wetu, na mimi ndiye niliyemfundisha kupiga magoti nyuma ya mpigaji na kuzuia mpira kwa kifua. Hajawahi kufundisha hata timu ya watoto wa shule ya Jumapili.

"Kuna kingine," Wendell akasema. "Sijui kama nikwambie."

"Sema."

"Tarehe ya oda. Ni Jumanne ya wiki iliyopita."

Usaili wangu ulikuwa Alhamisi.

Nilishika simu nikaitazama. Walikuwa wameshampima mtu mabega, wameshamchagulia namba, ndipo wakaniita mimi nikae mbele ya kompyuta nijieleze. Brandt hakuwa anatafuta kocha siku ile. Alikuwa anatafuta kujua Elpidio ana nini, na alimjua vizuri zee mwenye njaa atakayemwambia bure.

Vernell alinikuta nimekaa hivyo hivyo. Nikamwambia yote. Nilitegemea anicheke, au anitukane. Alinitazama tu, akachukua mkoba wake na Biblia, akasema anakwenda kwa dada yake mjini Mobile, na nisimfuate mpaka niwe nimesema ukweli kwa anayestahili kuusikia.

Ijumaa nilimwona Lindqvist kwenye televisheni akivalishwa ile jezi. Ilimkaa vizuri mno.

Jumatatu akanipigia mwenyewe. "Kocha," akasema, maana hajawahi kuniita jina jingine, "naomba uje ofisini. Tafadhali. Siwezi hii kazi bila wewe."

Nilikwenda. Mnaweza kuniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu ni miaka thelathini na moja na sijui njia nyingine ya kuendesha gari asubuhi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti nilichokikalia mechi arobaini na moja. Aliponiona akasimama haraka kama mtoto aliyekutwa na kitu cha baba yake.

"Kocha, sikuomba iwe hivi. Waliniambia wewe hutaki, kwamba umechoka."

"Waliniambia mimi ndiye wanayenitaka."

Akashika kichwa. Si mtu mbaya, na hilo linaudhi zaidi, maana hata kumchukia inanibidi nijitahidi. Akanisogezea karatasi. Kocha msaidizi, miaka miwili.

"Nahitaji ukae kando yangu. Unajua kila kitu. Mimi nitasimama mbele ya kamera, wewe uniambie la kufanya."

Wa saba huyo.

"Lakini kabla hujasaini, kuna jambo nataka tulimalize," akasema. "Wachezaji kumi na wanne wameniandikia. Wanasema hawaingii kwenye chumba kimoja na Wendell. Wanasema amepeleka maneno juu. Kazi yangu ya kwanza ndiyo hii, na sijui pa kuanzia. Wewe umekuwa naye miaka yote. Nimewaita wote wawili."

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa. Elpidio aliingia kwanza, begi lake begani, alikuwa amekuja kutoa vitu vyake kabatini. Nyuma yake Wendell, aproni ya kufulia bado kiunoni, mikono imelowa.

Elpidio akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa kulia. "Mzee wangu." Kwa Wendell hakugeuka kabisa.

"Tuseme wazi," Lindqvist akasema. "Elpidio, nani alijua?"

"Wendell na Mzee Lonzo. Basi."

"Na una hakika gani kwamba..."

"Kwamba si Mzee? Tripp, usinichekeshe. Huyu alikubali kuitwa mjinga na mji mzima ili mimi nipate mkate. Angetaka kusema, angesema siku ile ile, akapata kazi yake. Huyu hawezi." Ndipo akamgeukia Wendell. "Lakini wewe, ulikuwa unaniletea barafu na kuniambia 'pole mwanangu'. Ulilipwa nini?"

Wendell alinitazama mimi.

Alikuwa ameshajua. Sijui alijua lini. Pengine pale pale, pengine tangu aliposoma tarehe kwenye boksi na kunisikia nilivyonyamaza. Alinitazama bila hasira, akaniachia nafasi. Nataka mjue hivyo. Aliniachia nafasi ndefu kabisa ya kufungua kinywa. Alijifuta mkono wa kushoto kwenye aproni, akajifuta wa kulia, akazikunja nyuzi za aproni kidoleni, bado ananingoja.

Nilitazama karatasi iliyokuwa mezani.

"Ni mimi," Wendell akasema.

Elpidio alitoa sauti kama mtu aliyepigwa.

"Kwa nini, Wendell?" Lindqvist akauliza.

"Mzee mimi, mdomo umelegea." Akafungua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja jezi, akaiweka juu ya kiti. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya aproni. "Elpidio, kile kiwiko usikikande kwa maji ya moto. Barafu tu. Mashine namba tatu inavuja, mwambieni atakayekuja."

Alinipita karibu kabisa. "Kwaheri, Kibonge," akasema, na akatoka. Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyenyanyuka kumfungulia mlango.

Elpidio alijifuta macho. "Samahani, Mzee wangu. Nilitaka uone mwenyewe. Nilijua inakuuma, ni rafiki yako."

"Inaniuma," nikasema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Lindqvist akapumua kwa nguvu, mtu aliyetuliwa mzigo. Akanisogezea kalamu. "Basi limekwisha hilo. Kocha, tafadhali."

Mnangoja niwaambie niliikataa. Mnangoja niwaambie nilikimbia nje nikamwita Wendell kwenye maegesho, nikampigia Vernell nikalia. Wengine mmeshaniandikia kwamba ndani yangu kuna mtu mwema. Niliichukua kalamu. Nilisaini mahali pa kwanza, nikasaini na mahali pa pili, mwandiko wangu ukawa mzuri kuliko siku zote.

Elpidio alikuwa ameshaweka begi begani. "Nakwenda, Mzee wangu. Nitakupigia nikifika nyumbani. Mama atataka kukusalimia."

Mlango ukafunguliwa kabla hajaushika. Hollis Brandt akaingia, meno yote nje, mkono umenyooshwa kwangu.

"Lonzo! Nasikia umesaini. Safi sana, safi sana. Nilimwambia mwenye timu, mtu anayeweza kukaa mbele yangu akanipa ukweli kama ule alionipa huyu mzee siku ya usaili, tukimwacha aende tutakuwa wajinga."

Kisha akamwona Elpidio, na mkono wake ukabaki hewani.

Elpidio alishusha begi chini taratibu. Hakumtazama Brandt. Alinitazama mimi, bado na ule upole wake, bado yuko tayari kuamini jibu lolote nitakalompa.

"Ukweli gani, Mzee?"